Heshima Mbele ya Pimabongo

Jambo la kwanza aliloligundua Milembe lilikuwa dogo: taa ya pimabongo haikugeuka manjano mtoto alipokosea. Iligeuka alipotazama chini.

Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu akifuta vioo vya chumba cha upimaji katika mji mpya wa Shinyanga. Humo kila mtoto wa darasa la nne aliketishwa mbele ya mashine hiyo, mara moja tu maishani. Pimabongo haikusikiliza majibu, kwani majibu hukaririwa. Iliuliza swali kwa sauti ya babu mpole, kisha ikasoma mboni za macho. Mboni zikitulia mbele, taa hubaki buluu, na mtoto huenda Shule ya Juu kusomea udaktari na urushaji wa vyombo vya anga. Zikikwepa, taa hugeuka manjano, na mtoto hupelekwa darasa la mikono, akajifunze kufuta na kubeba.

Watoto wa Kilimani, mtaa wa matajiri, walifika wameshaizoea. Majumbani mwao mlikuwa na pimabongo ndogo za kuchezea. Walizikodolea macho tangu wakinyonya. Watoto wa Bondeni, mtaa wa kina Milembe, walisikia sauti ya mzee, na mtoto aliyelelewa hamkodolei mzee macho. Walipiga magoti, wakaamkia, wakainama. Manjano. Manjano tena.

Leo zamu ilikuwa ya Kabula, mdogo wake Milembe. Mlangoni Milembe alimvuta kando.

"Sikiliza. Lile si babu, ni dude tu. Litazame kama unavyomtazama mbuzi."

Kabula akacheka. "Mbuzi anayeuliza hesabu?"

"Eeh, huyohuyo. Usiangalie chini hata kidogo."

Mama yao alikaa kwenye benchi la wazazi, amejitanda kanga yake mpya. Kabula akaketi kitini.

"Hujambo, mjukuu wangu?" pimabongo ikauliza.

"Sijambo. Shikamoo, babu." Macho hakuyashusha.

"Marahaba. Tangi lina lita mia tatu, na kila saa linavuja lita kumi na mbili. Litakauka baada ya saa ngapi?"

Buluu. Midomo ya Kabula ikachezacheza: ishirini na tano. Milembe aliliona jibu lile, akakibana kitambaa chake kifuani.

"We Kabula!" Mama alikuwa amesimama. "Ndivyo nilivyokulea? Unamkodolea mzee macho kama mjusi! Inamisha uso!"

Kabula akainamisha. Taa ikageuka manjano.

Mhandisi Elinaza, msimamizi wa mashine, akabonyeza kitufe, na jina la Kabula likaingia darasa la mikono. Kwa miaka mitatu Milembe hakuwahi kumwambia mtu huyu zaidi ya "shikamoo" na "nimemaliza." Sasa akamsogelea.

"Mhandisi, jibu analijua. Muulize tena."

"Angelijua, macho yangesema."

"Ni heshima tu ile."

"Dada, pimabongo haijui tajiri wala maskini. Ilifundishwa kwa macho ya watoto elfu kumi wenye akili."

"Watoto wa wapi?"

Mhandisi akakohoa. "Wa Kilimani. Ndio waliokuwa karibu. Haya, anayefuata!"

Nje, Mama alimfuta Kabula machozi kwa pindo la kanga, kisha akamshika Milembe mkono kwa upole.

"Usigombane na watu kazini kwao, mwanangu. Kichwa hupewa na Mungu. Hata wewe shule ilikushinda, mbona tunaishi?"

Miaka tisa Milembe alikuwa ameliacha neno hilo lipite. Aliliitikia hata mbele ya majirani, akicheka nao. Sasa alimtazama mama yake usoni.

"Haikunishinda, Mama. Siku ile ya pimabongo jibu nililijua. Niliinama kwa sababu ulikuwa unanitazama, nikaogopa watu wangesema hukunilea."