Kokoto Mbili Mfukoni

Mama mfagiaji ndiye aliyemkuta. Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, alikuwa akipita nyuma ya jukwaa la magharibi la uwanja wa taifa, ufagio begani, akaona kiatu, kisha akaona mguu uliokuwa ndani ya kiatu. Hakupiga kelele. Aliuweka ufagio chini taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu, akaenda kumwita mlinzi.

Marehemu alikuwa mpima zege, mzee wa miaka sitini na mitatu ambaye mafundi wote walimwita Babu Mchemraba. Katika miaka mitatu ya kuujenga upya uwanja ule kazi yake ilikuwa moja: kila zege lilipomwagwa, alichota kidogo akalijaza kwenye vibati vya mraba, na lilipogandamana akailaza michemraba hiyo ndani ya maji. Siku ya ishirini na nane aliitia kwenye mashine na kuiminya mpaka ipasuke. Ikivumilia, nguzo ni salama. Ikipasuka mapema, nguzo ibomolewe. Mzee hakuwa na neno la katikati, na kwa hilo hakuwa na marafiki wengi.

Inspekta alifika saa moja na robo akiwa hana raha, na si kwa sababu ya maiti peke yake. Alikuwa mama wa makamo mwenye miaka kumi na tisa kazini, maiti alishaziona. Kilichomkosesha raha ni kwamba uwanja ulikuwa ufunguliwe wiki iliyofuata, na keshokutwa, Jumamosi saa tatu asubuhi, wanafunzi elfu mbili wangeketi kwenye jukwaa hilohilo kufanya mazoezi ya wimbo wa ufunguzi. Binti yake wa miaka kumi na mmoja alikuwa mmoja wao, safu ya arobaini. Wiki mbili sasa nyumba nzima ilikuwa haipumui kwa wimbo huo.

Getini alipokewa na mhandisi wa uwanja, mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, macho mekundu kwa kulia. Alieleza kwamba aliingia saa kumi na mbili na dakika hamsini na kukuta watu wameshajaa. Marehemu alimfundisha chuoni, akasema, na hata walipokuja kufanya kazi pamoja hakuwahi kumwita jina jingine ila Mwalimu. Kisha akaongoza njia. Njia fupi ilikuwa wazi kabisa: kupita chini ya paa jipya, kati ya nguzo ya sita na ya saba, namba zake zimepakwa rangi kubwa nyekundu. Mhandisi alikata kushoto. Alimzungusha Inspekta uwanja mzima kwa njia ya wakimbiaji, kisha juu ya nyasi changa zilizokuwa zimetoka kumwagiwa maji, wakatokea upande wa pili viatu vimekuwa na soli za tope. Inspekta alidhani dada wa watu anachelewesha kumwona mwalimu wake.

Mzee alikuwa ameanguka kutoka ghorofa ya juu, mahali ambapo ukingo wa nyuma haujafungwa vyuma. Daktari wa polisi alikisia kwamba alikufa kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika ishirini. Kisha akainua mkono wa kulia wa marehemu. Kwenye kifundo kulikuwa na alama nne za vidole upande mmoja, na moja ya kidole gumba upande wa pili.

"Mtu anayeteleza peke yake hashikwi mkono," daktari alisema.

Daftari la vipimo ambalo mzee hakuachana nalo halikuonekana. Lakini mfuko wa shati ulikuwa umefungwa kifungo, na ndani yake mlikuwa na vipande viwili vya zege, kila kimoja ukubwa wa kidole gumba. Kimoja kilikuwa na kokoto nyeupe, kigumu kama jiwe. Cha pili kilikuwa na kokoto nyeusi, na Inspekta alipokigeuza kilimwachia unga vidoleni.

Daftari la mlinzi lilisema mzee aliingia saa kumi na moja na dakika hamsini, na mama mfagiaji saa kumi na mbili na dakika ishirini. Katikati hapakuwa na mtu. Ila palikuwa na mlango mwingine, wa handaki la wachezaji, usio na mlinzi. Funguo zake zilikuwa tatu: moja kwa mhandisi, moja kwa msanifu aliyeuchora uwanja, na moja ilitundikwa kwenye chumba cha madereva wa malori ya zege.

Mafundi hawakuhitaji kuulizwa mara mbili. Wote walimtaja dereva mmoja, mkwe wa marehemu, aliyemwoa binti yake wa pekee. Jumanne iliyopita wawili hao waligombana mbele ya watu hadi kofia zikavuliwa. Dereva alipoulizwa alikokuwa alfajiri alijibu kwamba alikuwa kitandani. Mkewe, aliyekuwa kwenye mkeka na khanga kichwani, akasema bila kujua anachokisema kwamba mumewe aliondoka saa kumi na moja. Dereva akatiwa mahabusu.

Jioni hiyo Inspekta alimwomba mkuu wake azuie mazoezi ya Jumamosi. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho. Wageni wa heshima walishaalikwa, alisema, na mzee mmoja kuanguka hakuufanyi uwanja kuwa mbovu. "Niletee ushahidi. Usiniletee wasiwasi." Inspekta akarudi nyumbani na wasiwasi wake. Binti yake alimwimbia ubeti wa pili mara tatu, naye alipiga makofi mara tatu.

Msanifu alihojiwa Ijumaa saa mbili asubuhi. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye kujisikia kidogo, na hakuficha kwamba marehemu alimchosha. Nguzo za paa lile zilikuwa nyembamba kuliko za uwanja wowote alioujua, ili mtazamaji asizibwe hata na shingo ya nguzo, na mzee alizipiga vita tangu siku ya kwanza. Alikiri pia kwamba Jumatano saa moja jioni mzee alimpigia simu.

"Alitaka nini?"

"Aliniuliza swali moja tu. Nguzo ya saba ikishindwa, paa litasimama?"

"Ukamjibu nini?"

Msanifu akaangalia kucha zake. "Nilimwambia ukweli. Halisimami. Lakini kwa nini ishindwe?"

Alikuwa na ufunguo na alikuwa na sababu. Hata hivyo, Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili hadi kumi na mbili na nusu alikuwa studio ya redio akiusifia uwanja wake mbele ya taifa zima. Inspekta mwenyewe alimsikia moja kwa moja redioni huku akichemsha chai, na alikumbuka hata jinsi alivyocheka kwa vichekesho vyake mwenyewe. Huyo alitoka kwenye orodha.

Saa nne alirudi kwa dereva. Usiku wa mahabusu ulikuwa umemlainisha. Alisema alfajiri ile alikwenda kampuni nyingine, upande wa pili wa mji, kuomba kazi, na hakutaka wa hapa wajue. Inspekta alipiga simu. Mlinzi wa kampuni hiyo alikuwa amemwandika saa kumi na moja na nusu kuingia, saa moja kutoka. Ndipo Inspekta alipoviweka vile vipande viwili mezani, bila kusema vimetoka wapi.

Dereva aliviangalia kama mtu anayeonyeshwa picha ya nyumbani kwao. Alieleza kwamba kokoto nyeupe zilitoka machimbo ya zamani, ambayo yalifungwa miezi miwili iliyopita, tarehe kumi. Tangu siku hiyo malori yote yalibeba nyeusi.

"Na nguzo ya saba ilimwagwa lini?"

"Mwezi mmoja uliopita. Niliileta mimi. Nyeusi tupu."

Inspekta alikivuta karibu kipande cheupe. Karatasi ya mashine ya kuminyia, aliyokuwa ameichukua Alhamisi, ilionyesha kwamba Jumatano saa tisa mzee aliminya michemraba ya nguzo ya saba na ikafaulu. Lakini kipande kigumu cha mfukoni, ambacho bila shaka mzee alikiokota kwenye mchemraba uliopasuliwa siku hiyo, kilikuwa cheupe. Mchemraba ule haukutoka nguzo ya saba hata kidogo. Mtu alibadilisha. Alichukua michemraba ya akiba, ya zege la zamani lililo zuri, akaiweka majini mahali pa ile ya kweli. Naye mzee, kwa kuona rangi tu, alielewa, akaenda kuimegua nguzo yenyewe. Hicho ndicho kipande cheusi, kilichomwaga unga.

"Mligombania nini Jumanne?"

Siku ile ya nguzo ya saba, dereva alisema, pampu ilikwama zaidi ya saa, jua kali, zege likaanza kukauka ndani ya lori. Ukaja ujumbe kutoka simu ya ofisi: tia maji, endelea. Simu hiyo hukaa mezani na kila mkubwa wa ofisini huitumia. Yeye akatia maji, ingawa alijua kwamba maji ya ziada hudhoofisha zege. Jumanne baba mkwe wake, aliyekuwa amesikia minong'ono, alimuuliza, naye akaapa kwamba hakutia hata tone.

"Neno la mwisho nililomwambia lilikuwa uongo, afande," alisema. "Kesho ndiyo tunamzika."

Saa sita Inspekta alikwenda uwanjani peke yake. Nyuma ya nguzo ya saba, usawa wa kifua cha mtu mfupi kama marehemu, palikuwa na kovu jipya lililomeguliwa kwa nyundo. Alisimama pale chini akaangalia juu, paa likielea jeupe na jepesi juu ya safu na safu za viti vya bluu. Akahesabu hadi ya arobaini. Miguu ikataka kuondoka kabla yake. Na hapo, kwa kule kutaka kukimbia kwake mwenyewe, akakumbuka tope la Alhamisi.

Mlinzi wa chumba cha maji, ilikolazwa michemraba, alimthibitishia kwamba funguo za chumba kile ni mbili: ya marehemu, na ya mhandisi.

Saa kumi alasiri aliweka viti vitatu chini ya nguzo ya saba, akawaita msanifu na mhandisi kwa mazungumzo mafupi. Msanifu aliketi mara moja, mguu juu ya mguu, akilitazama paa lake kama baba anayemtazama mtoto. Mhandisi alisimama mbali, kwenye jua, pale kivuli cha paa kilipoishia.

"Karibu uketi, Mhandisi," Inspekta alisema.

"Nashukuru. Nimezoea kusimama."

"Jua linakuunguza."

"Haidhuru."

Inspekta naye hakuwa ameketi vizuri. Alizungumza kwa sauti ya chini. "Jana ulinizungusha kwenye tope, njia ya dakika moja tukaenda dakika sita. Nilidhani ni huzuni. Leo nimeuliza mafundi. Tangu paa lipandishwe, hakuna aliyekuona ukipita hapa. Mwenzako huyu kakaa raha mustarehe kwa sababu hajui. Wewe unajua." Akavitoa vile vipande, akaviweka kwenye kiti kilichokuwa kitupu. "Kesho saa tatu binti yangu atakaa pale juu, safu ya arobaini. Ana miaka kumi na mmoja. Niambie wewe uliyeijenga nguzo hii: nimruhusu?"

Msanifu alikuwa ameushusha mguu. Aliangalia vipande, akaangalia nguzo, kisha akainuka polepole, akatoka kivulini bila kugeuka nyuma.

"Usimruhusu," mhandisi alisema.

Baada ya hapo maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Ni yeye aliyetuma ujumbe wa maji. Ni yeye aliyeruhusu paa lipandishwe kabla ya siku ishirini na nane kutimia, maana tarehe ya ufunguzi ilitangazwa kabla hata hajaulizwa. Hakupata hata senti. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa kazi ya ukubwa ule, na kulikuwa na watu waliokuwa wakingoja kosa lake kwa hamu zaidi kuliko walivyoungoja uwanja. Nguzo ikikataliwa, paa lote lingeteremshwa. Akabadilisha michemraba, akijiambia kwamba sherehe ikiisha ataiimarisha nguzo kimyakimya.

Jumatano jioni mzee alimpigia simu. Hakufoka. Alimwambia waonane jukwaani alfajiri, waandike barua ya kusimamisha kila kitu, naye angesimama kando yake itakapokabidhiwa. Mhandisi aliingia kwa handaki. Alimwomba wangoje sherehe ipite. Mzee akamuuliza kama watoto wa Jumamosi nao watangoja.

"Nikalikamata daftari," alisema. "Hakuliachia. Akarudi nyuma."

"Zile alama za mkononi. Ulimvuta au ulimshika?"

"Nilivuta. Halafu nilipoona ukingo nikamshika." Aliutazama mkono wake kama si wake. "Akaniponyoka. Kisha nikaondoka na daftari, nikatoka nje, nikanawa uso, nikaingia getini kama mtu anayefika kazini. Hilo ndilo silielewi. Niliondoka kwa miguu yangu."

Daftari lilipatikana kwenye buti ya gari lake, pamoja na michemraba mitatu ya kweli ya nguzo ya saba. Alikuwa ameshindwa kuitupa.

Inspekta alimpigia kwanza mwalimu mkuu wa shule, kisha mkuu wake. Saa kumi na moja jioni amri ilitoka: uwanja ufungwe, na mafundi waitoboe nguzo ya saba kesho asubuhi waone undani wake. Mhandisi alikuwa kituoni akimalizia maelezo yake aliposikia hilo likisemwa mlangoni. Aliinua kichwa.

"Wasitoboe," alisema. "Wakitoboa kabla ya kuliegemeza paa, watakufa."

Akaomba karatasi nyingine. Inspekta alimpa, pamoja na rula ya karani. Mhandisi alichora kwa zaidi ya nusu saa, mistari imenyooka: mihimili ya kuegemeza iwekwe wapi, waanze na upande wa nguzo ya sita, watu wangapi kwa wakati mmoja, wasimame wapi. Msanifu aliitwa. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena, kisha akatikisa kichwa kukubali, akaenda kungoja nje.

Chini ya mchoro mhandisi aliandika tarehe na saa. Kalamu ikasita.

"Naruhusiwa kutia sahihi?" aliuliza.

"Tia," Inspekta alisema. "Mafundi watataka kujua nani anawaambia."