Boti Tatu kwa Mpishi Mmoja

"Keki imeiva. Nenda kaitoe."

Simu ikakatwa.

Mtulivu alikuwa bado na mswaki mdomoni. Jina hilo alipewa na Idara ya Upelelezi siku alipomaliza mafunzo, na mpaka leo hakuna anayejua kama ilikuwa sifa au kejeli, maana jamaa huyu hasira zake ziko puani. Alitema povu, akachomeka Glock kiunoni chini ya fulana, akavaa kaptura, kofia ya majani na miwani yake ya Ray-Ban. Ukimwona ungesema mtu wa matembezi, anakwenda ziwani kupunga upepo.

Aliendesha Subaru kama mwizi. Alipofika kwenye gati la boti za starehe, keki ilikuwa imeshatolewa.

Boti nyeupe ya ghorofa ilikuwa inaacha ukingo taratibu, bila haraka, kama watu walioshiba. Nyuma yake alisimama mwanamume aliyevaa suti nyeupe asubuhi yote ile. Miguuni pake kulikuwa na sanduku la chuma. Ndani ya sanduku yalikuwemo mabamba ya kuchapia pasipoti yaliyoibwa kwenye kiwanda cha serikali.

Kwenye dirisha la jiko la boti hiyo Mtulivu aliona kitambaa chekundu kichwani.

Mpishi.

Hilo pia lilikuwa jina la kazi. Mwanamke huyu, ambaye Mtulivu humwita dada, ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha, wakati wakufunzi wengine wote walipokwisha kunyoosha mikono. Kwa miezi kadhaa sasa alikuwa amejipenyeza kwa Suti Nyeupe, akiwapikia wahalifu na kuwasikiliza.

Simu ikatetemeka. Alikuwa Mkuu.

"Mtulivu, umefika?"

"Nimefika, Mkuu. Wameshaondoka. Nawaona."

"Sikiliza vizuri. Wanakutana na mnunuzi wao kwenye boya jekundu, mpakani. Tumemjua sasa hivi. Ni Daktari wa Meno."

Daktari wa Meno hakuwa daktari wa chochote. Aliitwa hivyo kwa sababu ya anachowafanyia watu asiowapenda. Na Mpishi aliwahi kumtia pingu mtu huyo kwa mikono yake mwenyewe, kabla hajatoroka jela.

"Anamjua kwa sura," Mtulivu alisema.

"Anamjua. Na dada yako hana habari. Simu za wote walio botini zilikusanywa jana. Mfikie kabla hawajakutana."

"Nipe boti ya Idara."

Mkuu akakohoa.

"Mkuu?"

"Boti ya Idara iko gereji. Inasubiri kipuri."

"Tangu lini?"

"Usiniulize. Kodi hapohapo gatini. Usionyeshe kitambulisho, Suti Nyeupe ameacha watu wawili wanaangalia. Wewe ni mtalii. Malipo ongea na Ugavi."

Kweli walikuwepo wawili, wameegemea reli, wana vidude masikioni, wanajifanya wanatazama bata. Kukamata boti kwa nguvu mbele yao ilikuwa sawa na kumpigia Suti Nyeupe simu. Na mifuko ya Mtulivu, mwisho wa mwezi ule, ilikuwa inapiga miluzi.

Akampigia Afisa Ugavi.

"Ndugu, nahitaji kukodi boti. Sasa hivi."

"Sawa kabisa. Niletee profoma tatu."

"Nini?"

"Makadirio ya bei kutoka kwa wakodishaji watatu tofauti. Tulinganishe. Ndiyo utaratibu."

"Kuna mtu atakufa!"

"Pole sana. Zikiwa na muhuri itakuwa vizuri zaidi."

Mtulivu aliondoa simu sikioni akaitazama. Alitamani sana kuitupa ziwani. Badala yake akakimbia.

Kibanda cha kwanza kilikuwa cha Mama Boti. Alikaa nyuma ya meza ya plastiki, amezungukwa na majaketi ya kuokolea ya rangi ya chungwa, anakata kucha. Boti yake ilielea mbele ya kibanda, injini ya Yamaha moja, turubai juu, maputo ya pinki yamefungwa kila nguzo.

"Mama, shikamoo. Nataka boti."

"Marahaba. Umeweka nafasi?"

"Hapana."

"Jumamosi hii unakuja bila kuweka nafasi? Hata saluni watu wanapiga simu kwanza, mwanangu." Alipuliza kucha. "Hiyo imeshachukuliwa. Kuna familia inamfanyia bibi yao siku ya kuzaliwa."

"Wako wapi?"

"Wamechelewa."

"Basi niandikie profoma tu."

Mama Boti akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Profoma? Ya matembezi? Wewe umetumwa na nani, kanisa?"

Lakini akaandika, na muhuri akapiga, tena kwa madaha, baada ya kuutafuta chini ya majaketi yote. Mtulivu aligeuka kutazama ziwa. Boti nyeupe ilikuwa imefika usawa wa mnara wa taa.

Kibanda cha pili kilikuwa cha Kanali. Hakuwahi kuwa jeshini. Walimwita hivyo kwa sababu ya filimbi iliyoning'inia shingoni mwake, aliyoipuliza hata akiita chai. Alikuwa na boti ya mwendo kasi, tena ya nguvu, ila ilikuwa juu ya matairi, inapakwa rangi ubavu mmoja.

"Itakauka saa hizi hizi," Kanali alisema. "Ukitaka haraka, usiegemee."

Kibanda cha tatu kilikuwa cha Dijei, mwenye boti pana kama ukumbi, ina spika kubwa kuliko injini. Dijei aliongea kwa kipaza sauti hata na mtu aliye mbele yake.

"PROFOMA IPO! UNATAKA NA MUZIKI AU BILA MUZIKI?"

"Bila!"

"BEI NI ILEILE!"

Mtulivu alipiga picha karatasi tatu, akazituma kwa WhatsApp, akaandika chini kuwa mteja ni yeye, mwenye kofia ya majani. Alikuwa na hasira ya mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe huku sufuria inaungua ndani.

Akapiga.

"Zimefika," alisema Afisa Ugavi. "Safi. Sasa kamati ikae."

"Kamati gani tena?"

"Kamati ya zabuni. Mwenyekiti yupo, katibu yupo, mjumbe mmoja yuko harusini, tunamtafuta."

"Nakuomba. Nakuomba kama mtu na ndugu yake. Chagua boti. Yoyote."

"Nikichagua peke yangu wakaguzi watanila nyama. Subiri ujumbe."

Mtulivu alipiga teke ndoo ya Kanali. Rangi ikamwagika, wale wawili wa kwenye reli wakageuka. Akacheka kwa nguvu, akajishika mguu, akajifanya mlevi wa asubuhi. Wakarudi kwa bata wao.

Kule mbali boti nyeupe ilikuwa sasa ndogo kama kipande cha sabuni.

Simu ikalia ting! Ujumbe wa Ugavi:

*Imeidhinishwa. Endelea na safari. Mteja ni mwanamume mwenye kofia ya majani.*

Imeidhinishwa ipi? Hakutaja. Mtulivu hakuuliza. Boti ya Mama Boti ndiyo pekee iliyokuwa tayari majini.

"Mama, tunaondoka!"

"Hata mimi nimepata ujumbe," Mama Boti alisema, akajinyanyua bila haraka. "Wakubwa zako wana adabu kuliko wewe. Familia watanisubiri, nao wamenisubirisha. Vaa jaketi."

"Sihitaji jaketi."

"Basi mimi sihitaji safari."

Akavaa. Chungwa kali, limeandikwa MTOTO mgongoni, kwa kuwa la watu wazima lilikuwa limelowa.

Walikata maji. Mama Boti alishika usukani kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine, akimweleza dada yake kuhusu mpangaji msumbufu. Maputo yalijaa upepo na kuivuta boti nyuma. Mtulivu alitoa kisu akaanza kuyatoboa.

"Hayo ni ya bibi wa watu!"

Akaacha moja.

"Ongeza mwendo, mama!"

"Inakwenda ilivyo. Kaa chini."

Alikaa. Alivuta darubini yake ndogo ya Nikon. Boya jekundu lilionekana. Boti nyeupe ilikuwa imesimama kando yake. Upande wa pili wa mpaka, boti nyeusi ilikuwa inakuja.

Na Mpishi alikuwa ametoka jikoni. Alikuwa amesimama wazi kabisa kwenye sitaha, amebeba sinia la vikombe, uso ameuelekeza kulekule. Alikuwa anawakaribisha wageni.

"Geuka, dada," Mtulivu alinong'ona. "Geuka, tafadhali. Angusha kitu. Rudi ndani."

Hakugeuka.

Mtulivu alitoa Glock. Mama Boti akaiona. Akamwambia dada yake, "Nitakupigia," akazima simu, na kwa mara ya kwanza siku ile akasukuma mkono wa injini mpaka mwisho.

Lakini hesabu ilikuwa mbaya. Walinzi wanne wenye bunduki ndefu, na yeye na bastola moja ndani ya jaketi la mtoto. Akifyatua, wa kwanza kuumia ni yule aliyebeba sinia. Asipofyatua, boti nyeusi inafika. Alimwona Daktari wa Meno akisimama mbele, akiinua mkono kukinga jua ili aone vizuri.

Hapo ndipo filimbi ilipolia.

Ilitokea kushoto. Kanali, na boti yake yenye rangi mbichi, anakuja mbio akipuliza kama refa aliyetukanwa. Nyuma yake walisimama mafundi wake wote wa rangi, wamevaa majaketi ya chungwa.

Halafu kulia, maji yenyewe yakatikisika.

"MTEJA WETU! TUNAKUONA! TUMEKUJA!"

Ukumbi wa Dijei, wafanyakazi wake wamejipanga ukingoni, chungwa tupu.

Mtulivu alielewa papo hapo. Afisa Ugavi, kwa kuogopa wakaguzi wasije wakasema amependelea mmoja, alikuwa ametuma idhini ileile kwa wote watatu. Na kila mmoja aliamini kashinda.

Daktari wa Meno hakujua habari za kamati ya zabuni. Aliona boti tatu zinamfunga kutoka pande tatu, watu wenye sare moja, filimbi na kipaza sauti. Mkono ukashuka kutoka usoni. Boti nyeusi ikageuka kwa fujo, ikarudi ilikotoka bila hata kuaga.

Walinzi wa Suti Nyeupe waligeuza bunduki huku na kule, hawajui waanze na nani.

Mpishi hakuhitaji kuambiwa. Birika la chai ya moto lilimwagika kwenye mapaja ya mlinzi wa karibu. Sinia likampata wa pili kwenye pua. Mtulivu akaruka, akatua sitahani kwa magoti.

"Chini! Wote chini!"

Wawili waliobaki walitupa bunduki. Suti Nyeupe alikimbilia sanduku alitose majini, akakuta Mpishi ameshalikalia, mwiko mkononi.

"Hebu jaribu," Mpishi alisema.

Hakujaribu.

Gatini askari walikuwa wameshawakamata wale wapenda bata. Kanali, Dijei na Mama Boti walikuwa wanagombana kuhusu nani hasa aliyekodiwa. Mpishi alikaa kwenye ngazi za gati, akifuta chai mikononi.

"Yule wa boti nyeusi alikuwa nani, mdogo wangu? Mkono ulimficha uso."

Mtulivu akamwambia.

Mpishi akavua kitambaa chekundu, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nilikuwa nataka kumpa kikombe chenye sukari nyingi," alisema hatimaye. "Nilitaka kumfurahisha mgeni."

"Nilichelewa, dada. Nisamehe. Nilikuwa nakuona tu, siwezi kufanya kitu."

Simu ikalia. Afisa Ugavi.

"Mtulivu, tuna shida. Nimeambiwa boti tatu zimetumika. Kwa mtu mmoja! Nitawaeleza nini wakaguzi?"

Mtulivu alifungua mdomo. Yote aliyoyameza tangu asubuhi yalikuwa yamepanga foleni kooni.

Mpishi akamnyang'anya simu.

"Mimi ndiye huyo mtu mmoja," alisema. "Kwa hiyo, ndugu, tafuta wapishi watatu. Walinganishe. Kamati ikikaa, mniambie kama nilistahili boti."

Akakata, akamrudishia Mtulivu simu.

Mtulivu alivaa Ray-Ban zake, akapanda ngazi bila haraka. Njiani alikutana na familia yenye keki na bibi aliyevishwa taji la karatasi. Akamkabidhi bibi lile puto la pinki lililosalia, akaendelea na safari yake.

"Wewe!" Mama Boti akapaza sauti. "Jaketi langu!"

Akarudi, akalivua.