Msumari wa Kizingiti

Jamaldin alikuwa mtu wa kutengeneza. Feni yake ilinguruma, kiti chake kilikuwa na miguu ya viti vitatu, na kununua kitu kipya kwake kulikuwa sawa na kushindwa. Basi mwaka ule wa mvua za El Nino, pini ya mashine ya kusagia nyama ilipovunjika, mkewe Mwanakuu akamwomba wanunue mashine nyingine. Jamaldin akamcheka.

Akaizunguka nyumba yao ya nyuma ya barabara ya Ndia Kuu akitafuta chuma cha kufaa, akakiona juu ya mlango. Ulikuwa msumari mweusi, uliopigiliwa kwenye kizingiti cha juu tangu enzi za nyanya yake na kuzungushiwa kitambaa kilichooza.

"Usiuguse huo," Mwanakuu akasema. "Nyanyako aliuweka kwa sababu."

"Sababu gani? Kutu tupu!"

Akaung'oa kwa koleo, akaupiga tupa mpaka ukaingia kwenye mashine. Ilizunguka laini kuliko ilipokuwa mpya. Alijisifu kutwa nzima, na hakuna ajisifuye vibaya kama fundi asiyelipwa.

Kwanza ilikuja harufu. Mwanakuu alikuwa na mimba changa, hata nyama safi ilimtapisha, na sasa mashine ilinuka damu ya juzi na nywele zilizoungua. Akaiosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu, wapi! Kisha ndani ya nyama iliyosagwa akaona unywele mweupe, akauvuta, ukaja, ukazidi kuja, mrefu na wenye utelezi. Alitapika hadi akalia.

"Ni bucha hilo," Jamaldin akasema, akabadilisha bucha.

Siku Mwanakuu alipoacha kutapika, mumewe alifurahi. Akadhani mimba imetulia.

Adhuhuri moja alirudi kutoka bandarini, akasikia mashine ikizunguka jikoni, akaingia huku akimwita mkewe, akamkuta amechuchumaa sakafuni mbele ya mashine iliyokuwa ikijizungusha yenyewe bila mkono wa mtu, ikitema nyama mbichi yenye nywele, naye akiichota kwa viganja vyote viwili na kuila, damu ikimchuruzika hadi viwikoni na machozi yakimchuruzika mashavuni.

"Mwanakuu! Wala nini hicho?"

"Si mimi nilaye," akanong'ona, mdomo umejaa. "Nishike mikono, mume wangu. Nishike, mtoto atakufa."

Alimshika, na kwa kinyaa chake alitaka kumwachilia. Ile aibu hakuisahau.

Mwalimu Gharib, aliyetibu watu mtaani, aliitwa. Alivua viatu, lakini hakuvuka mlango. Alitazama juu, penye tundu tupu.

"Ni nani aliyeutoa?"

"Mimi, Mwalimu."

"Nyanyako alimzuilia nje kwa huo, huyo jini mla nyama mbichi. Urudishe tunduni mwake nami nimsomee atoke."

Mwalimu akasoma. Mwanakuu akatetemeka, akatapika nywele tele, kisha akalala. Jamaldin akauchomoa msumari kwenye mashine, akautia tunduni, nao ukaanguka chini. Mwalimu akauokota, akautazama ubavu uliong'aa.

"Umeupunguza?"

"Kidogo tu. Ulikuwa hauingii."

Mzee alivaa viatu vyake. "Mimi najua kusoma. Kuufua msumari huu alijua yeye aliyeuweka."

"Yuko kaburini, Mwalimu!"

"Najua."

Jamaldin hakukata tamaa, maana alikuwa mtu wa kutengeneza. Mashine akaitupa jaani Kibarani. Msumari akauzungushia gunia, akaukaza kwa njiti za kiberiti, ukashika. Mwanakuu akaamka, akaomba uji, akalalamika kuwa anasikia harufu ya nyama ya jirani na inamchefua. Jamaldin alilia kwa furaha.

Kesho yake mchana njiti moja ikaanguka. Akapanda kiti chake cha miguu mseto, akagonga kwa nyundo huku jasho likimtoka. Mwanakuu akaja kusimama chini yake, mkono tumboni.

"Kaza vizuri, fundi," akasema kwa sauti ambayo Jamaldin hakuwahi kuisikia. "Asiingie mwingine."

Alipotazama chini, unywele mweupe ulining'inia kwenye kona ya mdomo wa mkewe. Mwanakuu akaufyonza ndani taratibu, akameza.