Nati ya Upande wa Kushoto

Kila asubuhi ya likizo ile Corrie aliokota mayai, akanywa chai yake haraka, kisha akaenda kwenye banda la magari akiwa amenuna. Alijua Brenna ameshafika.

Mama yake Corrie, Marlys, alikuwa fundi wa matrekta. Mwaka uliopita aliolewa na Odell, mfugaji wa ng'ombe huko Wyoming, na Odell alikuwa na binti wa miaka kumi na minne, Brenna. Corrie alikuwa na miaka kumi na miwili. Wasichana hao walikuwa hawapatani hata kidogo.

Kiangazi hicho familia ilikuwa ikifufua pikapu ya zamani ya Odell ili ipeleke maji malishoni, juu mlimani. Springi zilikuwa zimelala na shokapu zimekufa, kwa hiyo zote zilibadilishwa. Halafu Marlys akaongeza stabilaiza mbili, moja mbele na nyingine nyuma. Ni chuma kirefu kilichopinda, kinachofungwa kutoka tairi la kushoto hadi la kulia ili gari lisilalie upande mmoja kwenye kona.

"Tangi likijaa, maji yanacheza," Marlys aliwaambia. "Bila vyuma hivi, kona ya kijitoni itatutupa. Corrie, funga kushoto, mbele na nyuma. Brenna, kulia. Kila nati ikazwe kwa spana."

Wakaingia chini ya gari.

"Ndivyo unavyoshika spana? Kama unakoroga uji?" Brenna alisema.

"Fanya yako."

"Yangu naimaliza. Wewe ndiye tutakayekusubiri mpaka theluji ianguke."

Corrie akapandwa na hasira. Alizungusha nati zake kwa vidole tu, mbele na nyuma, akajiambia atarudi kuzikaza. Akatoka kwanza.

"Nimemaliza!"

"Kwa spana?" Marlys akauliza.

"Ndiyo, mama."

Hakurudi.

Kesho yake Odell aliondoka na tangi lililojaa, Brenna akiwa pembeni yake. Saa moja baadaye wakarudi kwa miguu. Odell alikuwa ameshikilia mkono wake kifuani, na Brenna alikuwa na damu kwenye nyusi.

"Nati ya mbele kushoto imetoka," Odell alisema. "Gari lililala ghafla kwenye kona, tukaingia mtaroni. Nani alifunga pale?"

Corrie akamwonyesha Brenna kwa kidole. "Brenna. Tulibadilishana. Yeye alifunga mbele yote, mimi nikafunga nyuma yote."

"Mwongo wewe!" Brenna akafoka. "Baba, anadanganya!"

"Na wiki iliyopita ulisema umefunga lango la zizi," Odell akamjibu kwa ukali. "Ng'ombe wakaishia barabarani. Nikuamini vipi? Hugusi gari hilo tena, na maonyesho ya farasi huendi."

Siku mbili zilizofuata, Corrie akiingia jikoni, Brenna alinyanyuka na sahani yake akaenda kula barazani.

Pikapu ilivutwa kwa trekta hadi nyumbani. Odell, mkono ukiwa kwenye bandeji, alitia nati mpya palipotoka ile, na kwa mkono mzima akakaza upya kila nati ya mbele. Nyuma hakugusa.

"Nyuma kumefungwa na Corrie," alisema. "Huko sina wasiwasi."

Corrie, aliyesimama mlangoni mwa banda, alimsikia. Tangi lilikuwa limejazwa tena, na ng'ombe walikuwa na kiu. Marlys akapanda kwenye usukani, kwa kuwa Odell hakuweza kuendesha. Injini ikanguruma.

Corrie alikimbia akasimama mbele ya gari, mikono ameitanua.

"Toka hapo! Una wazimu?" Marlys akapiga kelele.

"Mama, usiende! Nyuma kushoto haijakazwa! Na ile ya mbele ni mimi. Hatukubadilishana. Nilidanganya."

Marlys akazima injini. Odell aliinama chini ya gari, akagusa nati ya nyuma, ikazunguka kwa kidole kimoja. Akanyanyuka uso umebadilika rangi. Alimwendea Brenna barazani, akavua kofia.

"Nimekukosea, binti yangu. Maonyesho utaenda."

"Ungeniuliza vizuri siku ile ile," Brenna akamjibu.

Marlys hakumkumbatia Corrie. Alimpa spana.

"Nati legevu ingekazwa kwa dakika tano," alisema. "Lakini uongo wako ulimtuma Odell akatafute mbele, huku hatari ikiwa nyuma. Mwanangu, ukificha kosa lako, wengine wanapanda gari bila kujua. Kwa hiyo sema mapema, hata kama utaaibika. Sasa ingia chini."

Corrie akaingia. Kulikuwa na giza kule chini, na machozi yalimziba macho. Mara mwanga wa tochi ukamulika nati. Brenna alikuwa amelala upande wa pili.

"Sijakusamehe," Brenna alisema. "Nitapanda gari hili, kwa hiyo kaza. Nakuangalia."

Corrie akakaza mpaka spana ikagoma.

"Zungusha mara moja zaidi," Brenna akasema.