Pete Iliyomnyima Dagny Kiti

Siku ya wakulima wa ngano, ukumbi wa chini wa jengo la bunge la jimbo hujaa kama harusi ya mtoto wa tajiri. Wakulima huleta mikate yao ya karameli, waheshimiwa hujifanya wamekuja kusikiliza habari za mbolea, na kila mtu anajua kilichomleta mwenzake. Ilikuwa Januari. Nje theluji imefika kiunoni, ndani mabuti yanachuruzika maji na hewa inanukia mdalasini. Dagny Vetter, nesi wa kijijini aliyeingia bungeni juzi tu, alinyoosha mkono kwenye mkate wa mwisho kwenye sinia. Akakuta mkono mwingine umeshafika.

“Pole dada, huu umeshapata mwenyewe.”

“Umeandikwa jina lako?”

“Bado. Ila nikitaka naweza kuuletea muswada.”

Dagny alicheka bila kupenda. Kijana alikuwa amevaa suti ya bluu iliyomkaa kama amezaliwa nayo, na viatu vinavyong’aa, viatu vya mtu ambaye hajawahi kusukuma gari kwenye theluji.

“Wewe ni wa mjini,” Dagny alimwambia.

“Na wewe ni wa mashambani. Umeushika huo mkate kama unazuia ndama asitoroke.”

Akaukata vipande viwili, akampa kikubwa. Jina lake Cole Brandvik, wakili, mbunge wa mji mkubwa wa mashariki, kipindi chake cha pili. Dagny alirudi kwenye kiti chake bungeni na karameli kidevuni. Jirani yake, bibi Bernie Schaffer, mjane aliyekaa humo ndani miaka mingi kuliko mazulia, alimpa kitambaa.

“Jifute, mwanangu. Na mwingine utamfutaje?”

“Mwingine yupi?”

“Huyo anayekuchungulia kutoka mstari wa tatu.”

Kufika Februari walikuwa wanapigiana simu hata wakiwa jengo moja. Cole alimwita laazizi, Dagny alimwita mheshimiwa viatu. Walikula pamoja supu ya viazi yenye matonge ya unga kwenye mgahawa wa chini, na Dagny alimweleza kilichomleta bungeni. Kampuni yenye hospitali za kwao ilikuwa imefunga wodi ya wazazi. Wajawazito sasa walisafiri mbali kwenye barabara ya barafu. Kari, mdogo wake wa kike, uchungu ulimkamata kabla hajafika hospitali. Dagny alimpokea mpwa wake kwenye kiti cha nyuma cha pikapu, pembeni mwa barabara, dhoruba ikitikisa vioo. Mtoto alitoka na rangi ya bluu, akachelewa sana kulia. Ndipo Dagny alipoandika muswada wa kuzilazimisha hospitali zisifunge wodi hizo kiholela.

Sasa, bunge letu halipendi kuua mchana kweupe muswada wenye watoto wachanga ndani yake. Huugeuza kuwa uchunguzi. Mwezi wa tatu wakaugeuza: kamati iundwe, ikae bunge likishafungwa, isikilize watu, ilete mapendekezo bunge lijalo. Kamati ikikaliwa na wanaojali, muswada hufufuka. Ikikaliwa na wanaosinzia, ndiyo basi.

Wabunge huomba kamati wanazozitaka, lakini anayepanga ni Merle Haugland, kiongozi wa chama chenye wabunge wengi. Hupima mashariki na magharibi, chama hiki na kile, rafiki na msumbufu, kama mama anayewagawia nyama watoto wengi. Kitu kimoja tu hakigusi, maana ni desturi ya miaka: mwenye muswada hupewa kiti.

“Usilie, laazizi,” Cole alimwambia kwenye simu jioni hiyo. “Muswada haujafa, umelazwa tu.”

“Mimi nesi, Cole. Nawajua wanaolazwa.”

“Si utakuwa kwenye kamati? Hata Merle hathubutu kukunyima.”

“Na wewe omba, basi. Tukae wote.”

Cole alinyamaza kidogo. “Nitaomba,” alisema.

Siku ya kufunga bunge, mwishoni mwa Aprili, Dagny alivaa gauni la kijani la mama yake, alilolipunguza kiunoni kwa mkono. Spika alikuwa karibu kugonga nyundo, Cole akasimama kuomba dakika ya jambo binafsi. Akapita katikati ya viti, suti ya kijivu, tai nyekundu, akapiga goti mbele ya meza ya Dagny. Bernie akashika mdomo. Kwenye roshani wageni wakanyanyua simu zao.

“Dagny Vetter, mbele ya bunge hili tukufu,” alisema Cole, “utakubali kuwa mke wangu?”

Dagny hakupenda kamwe kuwekwa jukwaani. Lakini macho ya Cole yalikuwa na maji, na mikononi alishika pete. Akasema ndiyo, akavishwa. Bunge zima likapiga meza. Merle alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Mwezi wa tano simu ilimkuta kwa baba yake, mkono umezama ndani ya ng’ombe mpaka kiwiko. Ndama alikuwa amegeuka. Baba akamshikia simu sikioni.

“Binti, ni Merle. Nakusumbua?”

“Hapana, mzee. Nipo na mgonjwa.”

“Hongera tena kwa uchumba. Sasa, unaujua utaratibu wetu. Mume na mke hawakai kamati moja, na wachumba waliotangaza bungeni tunawahesabu hivyo hivyo. Kamati ya wodi za wazazi, Cole ndiye mwenyekiti. Kwa hiyo nyumba yenu ina kiti tayari. Wewe nimekuweka kwenye kamati ya magugu ya barabarani.”

“Magugu?”

“Ni kamati nzuri. Mnatembea sana.”

Ndama alitoka salama. Dagny alinawa, akampigia Cole.

“Hata mimi nimeshangaa, kipenzi,” Cole alisema. “Sikujua kama kuna kitu kama hicho.”

“Basi jitoe.”

“Nikijitoa ataweka mtu wa kampuni. Afadhali mimi. Nitakuwa sauti yako mle ndani.”

“Sauti ninayo, Cole. Nilichotaka ni kiti.”

“Dagny, tunaoana. Changu si chako?”

Alijilazimisha kuamini, na kwa siku kadhaa aliweza. Kisha akampigia Bernie, apate tu wa kulalamikia.

“Maskini, hata Cole hakuujua huo utaratibu,” Dagny alisema.

Bernie alidakia. “Nani hakuujua?”

“Cole.”

“Mwanangu, mimi ndiye niliyemfundisha. Alinitafuta mwenyewe mgahawani, akaninunulia supu. Akauliza mimi na marehemu Walt, tulipokuwa wote bungeni, ilikuwaje tukanyimwa kukaa pamoja. Nikamweleza. Akauliza, na wachumba je? Nikamwambia, wakijitangaza mbele ya bunge, ni mamoja. Nikadhani mtoto wa watu anataka kuoa, anaogopa kukuharibia. Nilifurahi mpaka nikaongeza keki.”

“Lini hiyo?”

“Wiki ile ile muswada wako ulipogeuzwa.”

Dagny alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba. Baba alipita na ndoo, akamwona uso, akaendelea na safari yake. Dagny alirudisha kila kitu nyuma: kile kimya kwenye simu, lile goti, yale makofi ya Merle. Alikuwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tena mbele ya wageni wa roshani, na yeye akasema ndiyo.

Juni, baraza la viongozi lilikutana kupitisha majina ya kamati zote. Dagny alimkuta Cole kwenye korido, mkononi ana kikombe cha kahawa.

“Laazizi, mbona hupokei—”

“Ulimnunulia Bernie supu.”

Cole aliangalia kushoto na kulia. “Twende pembeni.”

“Hapa hapa.”

“Merle aliniahidi uenyekiti. Alitaka kitu kimoja tu, kelele zako zisiwemo kwenye kamati. Hao watu wa kampuni wangekuchafua, Dagny, hujui wanavyofanya. Nilikuwa nakukinga.”

“Ulipiga goti.”

“Na nilimaanisha. Naapa, ningekuoa tu, siku yoyote.”

“Siku yoyote,” Dagny alirudia. “Na ukaichagua ile.”

Cole aliinamia kahawa yake. Kilichomuuma Dagny zaidi ni kwamba hapo alimwamini. Ni kweli angemuoa, na ni kweli angemzunguka, kwa mikono ile ile.

Ndani, waandishi wa habari wawili walikuwa wamekaa nyuma wakipiga miayo. Merle alisoma majina kwa sauti ya kubembeleza usingizi. Alipofika kamati ya wodi za wazazi, akauliza kama kuna pingamizi, tayari anafunua ukurasa. Dagny akasimama.

“Mheshimiwa, jina langu liliachwa kwa sababu gani?”

“Binti, tulishaongea. Uchumba wenu.”

“Hiyo tu?”

“Hiyo tu. Vinginevyo, mwenye muswada ana haki yake.”

Dagny alivua pete. Ilikwama kwenye kifundo, maana mikono ya kazi huvimba; akaizungusha taratibu, watu wote wakisubiri, mpaka ikatoka. Akatembea hadi alipokaa Cole, akaiweka mbele yake.

“Sasa mimi si mchumba wa mtu. Sababu imekwisha.”

Waandishi waliacha kupiga miayo. Cole aliitazama ile pete, hakuigusa. Merle alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Pale mezani Bernie, naye mjumbe wa baraza hilo, alijikohoza.

“Natoa hoja mwenye muswada aongezwe,” alisema. “Kama kawaida yetu.”

Mbele ya kalamu zile mbili, Merle hakuwa na kawaida nyingine ya kutunga. Wakapiga kura. Ikapita.

Cole alimfuata hadi kwenye maegesho, bila koti, tai imepinda.

“Nitawaeleza watu ukweli. Niambie nifanye nini.”

“Itisha vikao. Vya kweli, na huko kwetu.”

“Na sisi?”

“Wewe ni mwenyekiti, mimi mjumbe. Nikitaka kusema, nitanyoosha mkono.”

Aliendesha pikapu mpaka kituo cha mafuta nje ya mji ndipo akalia, paji la uso kwenye usukani, kwa sauti, kama mtoto. Jina la Cole likawaka kwenye simu. Akaliacha liwake mpaka likazima. Kisha akajifuta kwa mkono wa shati, akampigia Kari.

“Waambie wale akina mama waliofungiwa wodi wajiandae. Kamati inakuja kuwasikiliza.”

“Umepata kiti?”

“Nimepata.”

Kari alishangilia, kisha akasita. “Na Cole?”

“Ndiye mwenyekiti. Atasikiliza kila mmoja wao, mpaka wa mwisho. Hana pa kwenda.” Dagny alivuta pumzi. “Na mimi sina. Nitakaa naye meza moja mpaka bunge lijalo.”