Amka, Ruby Nell

“Imogene, acha hivyo vyombo uje. Mumeo anaimba.”

Bi Hester, mwenye mgahawa, alikuwa ametumbukiza sarafu kwenye mashine ya muziki. Imogene akatoka jikoni, mikono ina povu, uso umejaa tabasamu. Verlon wake, mbeba marobota ya pamba pale Arkansas, hatimaye naye yumo kwenye santuri.

Gitaa likaruka, besi ikachapwa, kisha Verlon akapaza sauti: “Amka, amka, Ruby Nell!”

Tabasamu likamfia Imogene usoni.

“Huyo Ruby Nell ndiye nani?” alitania msichana mmoja aliyekuwa akicheza katikati ya meza. “Angalia asije akawa kimada wa mumeo, dada.”

“Ni mwanangu. Yuko makaburini, nyuma ya kanisa.”

Msichana akaacha kucheza. Santuri haikuacha.

Homa ilimchukua Ruby Nell kabla hajaota meno. Alipokuwa akikata roho, Imogene alimtungia wimbo wa taratibu, “Lala, Ruby Nell,” akamwimbia mpaka mwisho. Tangu mazishi, nyumbani kwao hakuna aliyethubutu hata kuuimba kwa sauti ya chini.

Jioni Verlon aliingia na koti jipya la rangi ya waridi, nywele zinang’aa mafuta.

“Redio ya Memphis inaupiga kutwa, mke wangu.”

“Nimeusikia. Umechukua wimbo wa mwanangu ukawapa watu wauchezee.”

“Mwanetu, Imogene.”

“Mbona hukuniuliza?”

“Ungekataa.”

“Hilo ulilijua, na bado ukaenda.”

Verlon akaketi, gitaa bado begani.

“Studio kila tulichoimba kilidorora. Bosi akasema tupumzike. Vidole vikaenda vyenyewe kwenye wimbo wako, nikauharakisha, kama tunavyozifanya nyimbo za kanisa tukitania. Buford, mpiga besi wetu, akaingia. Bosi akatoka mbio, anasema rudieni hicho hicho.”

“Na hilo ‘amka’, bosi ndiye aliyekuambia?”

Verlon akainamisha kichwa.

“Hilo langu. Wewe ulimwimbia alale, akalala. Mimi nilikuwa kazini, sikumuwahi. Nilitaka aamke, Imogene. Nikiupiga mbio vile, naona kama anataka kufumbua macho.”

Machozi aliyoyabana tangu mazishini yakamtoka Imogene. Mwaka mzima alimwona mumewe mwenye moyo mgumu, kumbe mwenzake alikuwa anaungua kimya kimya.

“Jumamosi nitaimba jukwaani mbele ya watu, na redio itarusha moja kwa moja,” alisema Verlon. “Wataudai huo. Nisipouimba, bosi hana haja nami.”

“Sikukatazi. Lakini mimi siwezi kuusikia tena. Amua mwenyewe.”

Jumamosi Imogene alikaa kando ya redio, kidole kwenye kitufe cha kuzimia. Watu walikuwa wakipiga miguu chini, wanalitaja jina la mwanawe.

“Huo siuimbi,” ilisema sauti ya Verlon. “Mwenyewe kapumzika. Tumwache.”

Wakamzomea. Akaanza wimbo mwingine, wakazidi, mpaka redio ikakimbilia tangazo la sabuni.

Bosi hakumwita tena. Kabla pamba haijaisha mashambani, kijana mmoja wa Nashville akaurekodi “Amka, Ruby Nell” upya, na ukavuma nchi nzima. Ndivyo waimbaji wa muziki ule wa mbio walivyozoea kuchukuliana nyimbo, na hakuna aliyemuuliza mtu. Verlon alikuwa amerudi kwenye marobota yake.

Siku moja wakiwa wanakula maharage na mkate wa mahindi, redio ikaurusha. Verlon akainuka haraka akaizime.

“Uache,” alisema Imogene.

Wakausikiliza wote, vijiko mkononi.

“Huyu anaimba tu,” alisema Imogene ulipokwisha. “Hamjui Ruby Nell. Chukua gitaa, niimbie wewe.”

“Upi? Wa kulala au wa kuamka?”

“Wa kuamka.”

Verlon akauanza mbio, kama studio. Hakuweza kuumaliza.