Aliyeitwa Ruggero

Alhamisi ile nilikuwa napiga pasi kola za marinda za mdogo wangu Lattanzio, na jikoni wanawake walikuwa wakibishana achinjwe bata yupi. Siku ya kawaida kabisa. Lattanzio alikuwa kipenzi cha Mtawala Aldobrando, hapa Montelargo, mwaka wa pili huo. Ndiye aliyemkatia nyama, aliyemvisha glavu, aliyejua saa ya kumchekesha na saa ya kunyamaza. Waheshimiwa wenye mashamba mpaka milimani walimwinamia, yeye mtoto wa mfinyanzi.

Kipenzi aliyemtangulia aliitwa Ruggero. Walisema aliuawa na homa. Hakuna aliyeuliza homa gani.

Mchana ule, mbele ya wageni arobaini, Mtawala alimgeukia mdogo wangu akasema, "Ruggero, nipe chumvi."

Lattanzio akampa. Wageni wakaendelea kula.

Baadaye nilimtania kwamba mzee wake kaanza kuchanganya watu. Hakucheka. Aliniambia kwamba alikuwa ameitika kabla hajafikiri.

Wiki iliyofuata kila mtu alimwita hivyo, hata wapishi. Akaanza kuandika kwa mkono wa kushoto. Akawa anataja majina ya farasi waliokufa kabla sisi hatujafika pale. Asubuhi moja nilipokuwa nikimfunga kola, pini ikamzama shingoni, yote. Nikaichomoa, nikimwomba radhi. Ilitoka kavu.

"Hukusikia maumivu?" nikanong'ona.

"Sisikii kitu siku hizi, dada. Anayesikia ni yeye, Ruggero."

Nikaamua tuondoke. Mtawala alipokwenda kuwinda tulitoka mchana kweupe, kwa miguu, kama watu waendao sokoni. Kwetu ni ng'ambo ya mto. Katikati ya daraja akasimama.

Nikamvuta mkono. Nikamvuta kwa mikono miwili. Hakusogea hata unyayo.

"Mimi nimeshavuka," alisema taratibu, akitazama paa la nyumba yetu. "Ni huu mwili ndio haukubali."

Kisha mwili ukageuka. Ukarudi ulikotoka, bila haraka. Niliufuata kwa sababu sikujua la kufanya jingine.

Kesho yake alikutwa amekaa kwenye meza ya Mtawala, viganja juu ya kitambaa, amekufa. Tabibu alimpandisha mkono wa shati, akatazama, akaushusha upesi. Akanivuta pembeni.

"Binti, huyu hakufa jana," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ana miaka miwili tangu afe."

Nikatikisa kichwa kukubali. Sikulia. Nilikuwa nawaza kwamba kola zake tatu bado ziko kambani.

Mtawala alilia sana kaburini, akiita jina ambalo si la mdogo wangu. Jumapili kijana mwingine alikuwa akimkatia nyama.

Nilivuka daraja kwenda kumpa mama habari. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri. Mama akanizuia mlangoni, kidole mdomoni.

"Polepole," alisema. "Mwenzio amelala."

Alinieleza kwamba Lattanzio alikuja siku ile ile tuliyosimama darajani, saa ya mchana, amechoka, hakutaka hata maji. Alikwenda moja kwa moja kulala. Tangu hapo hakumwona akiamka.

Nikafunua pazia. Kitandani hapakuwa na mtu. Lakini godoro lilikuwa limebonyea, umbo la mtu aliyelala kiubavu, magoti ameyakunja. Nikaweka kiganja.

Lilikuwa na joto.

Nikalisawazisha, nikatandika shuka. Kesho yake lilikuwa limebonyea tena.

Ni miaka kumi na mmoja sasa. Mama alishafariki. Natandika kila asubuhi, kisha naendelea na kazi zangu. Sasa hivi umbo lile limesogea, limejibana ukutani kabisa. Kitanda chote kilichobaki ni baridi, na kinamtosha mtu mmoja.